Obijekti au fanksheni? Tubishane kwa hesabu ya malipo ya korosho, siyo kwa mbwa na paka

Mwanashangani (mwanzisha uzi)

Wakuu wa jukwaa la teknolojia, salaam kutoka Mtwara.

Kila kundi la vijana wanaoandika programu lina ubishi huu: mtindo wa obijekti na mtindo wa fanksheni, upi bora? Tatizo wengi wanabishana kwa mifano ya darasani. Klasi Mnyama, mbwa anabweka, paka analia nyau, somo limekwisha. Hakuna aliyewahi kulipwa kwa kumfanya paka alie. Nataka tubishane kwa kitu tunachokijua huku kusini.

Kwa wasiokaa huku: korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwa zao hili msimu wa 2007/2008. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, yaani AMCOS. Unapimwa, unapangwa daraja, unakwenda ghala kuu, unanadiwa. Bei ikipatikana yanatolewa makato ya kila kilo, kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Programu yenyewe basi ni kilo, daraja, bei ya mnada, makato, malipo. Ukiitazama juu juu utasema ni kazi ya jioni moja.

Anayefuata mtindo wa obijekti atafunga data pamoja na kazi zake ndani ya kitu kimoja, ndicho obijekti. Ataunda klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea obijekti, iitwayo Mkulima yenye jina, namba ya uanachama na salio, na ndani yake kazi tatu: ongezaMzigo, kataMakato, lipa. Ukiita kazi mojawapo, salio linabadilika humo humo ndani. Wa nje haruhusiwi kuligusa moja kwa moja, lazima apite mlangoni.

Anayefuata mtindo wa fanksheni ataacha data iwe data tu, ikishaandikwa haibadiliki. Fanksheni inapokea data, inarudisha jibu jipya, na haigusi kitu kingine chochote. Hiyo ndiyo inaitwa fanksheni safi. Ni kama mizani: gunia lile lile litasoma kilo zile zile hata ukilipandisha mara kumi, na kulipima hakupunguzi korosho zilizomo.

malipo(mzigo, bei, makato) = mzigo.kilo × (bei − jumla(makato))

Kwa namba za mfano tu: kilo 480, bei 3,000, makato ya jumla 250 kwa kilo. Inabaki 2,750 mara 480, mkulima anapata 1,320,000. Iite fanksheni hiyo leo, kesho au mwakani kwa namba hizo hizo, jibu halibadiliki.

Sasa kiini cha uzi. Kuna mfumo wa chama kimoja, sikitaji, nilioitwa kuutazama. Umeandikwa kwa klasi, safi kabisa kwa macho. Kazi ya kataMakato inapitia orodha ya wakulima mmoja mmoja na kupunguza salio. Umeme ukakatika orodha ikiwa katikati. Uliporudi, karani akabonyeza tena kitufe kile kile, kama ambavyo yeyote angefanya. Wakulima wa mwanzo wa orodha wakakatwa mara mbili, wa mwisho mara moja, na hakuna mahali popote palipoonyesha nani ni nani, kwa sababu salio la zamani lilikuwa limeshafunikwa na jipya.

Kwa fanksheni safi lile kosa halina pa kuingilia. Unabonyeza tena, inahesabu tena kutoka kwenye kilo na bei zilizoandikwa, inatoa jibu lile lile.

Msimamo wangu: hesabu yoyote inayogusa fedha ya mtu iandikwe kwa fanksheni safi. Klasi zibaki pembezoni, kwenye mizani, printa, skrini na benki. Anayepinga aje na hoja, siyo na jina la lugha anayoipenda.

Nawasilisha.

Fundi_Ligula

Nimekaa kiti cha mbele. Wajuzi shusheni nondo.

LindiKwetu

Dada Mwanashangani, uzi mzuri, ila umemhukumu mtuhumiwa asiye yeye. Mfumo ule haukuharibiwa na klasi. Uliharibiwa na mtu aliyeandika kwenye kanzidata (hifadhi ya data) bila kufungua muamala. Ungefunguliwa muamala, umeme ukikatika katikati yote yanarudi nyuma, ama wamekatwa wote ama hajakatwa mtu. Hata mwenye fanksheni zake, akiwa mzembe wakati wa kuhifadhi majibu, atafika pale pale.

Pili, usiudharau ukoo wa huu mtindo. Haukuzaliwa kwa ajili ya mbwa na paka. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, Wanorwei wawili, waliutengeneza mjini Oslo miaka ya 1960 wakitafuta namna ya kuigiza mifumo yenye foleni ndani ya kompyuta. Vitu vinafika, vinasubiri, vinahudumiwa, vinaondoka. Lugha yao ya Simula 67 ndiyo iliyoleta klasi na urithi (klasi moja kuchukua sifa za nyingine), na kazi hiyo ikawapa Tuzo ya Turing, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2001.

Sasa nenda ghala kuu msimu ukiwa umekolea. Malori yamepanga foleni hadi barabarani. Kila lori lina hali yake: hili limefika, lile linasubiri, jingine liko mizanini, jingine limeshashusha. Niandikie hilo kwa fanksheni safi tuone kama hutarudi kwenye obijekti kwa mlango wa nyuma.

Tatu, na hii ndiyo itakayokubana. Sisi Lindi hatuna korosho peke yake. Kuna ufuta, kuna mbaazi, na zote zinapita ghalani. Mimi nina kiolesura kimoja (orodha ya kazi ambazo kila klasi lazima iwe nazo) kinaitwa Zao. Korosho ni klasi, Ufuta ni klasi, Mbaazi ni klasi, kila moja inajua madaraja yake na makato yake. Likija zao jipya naongeza faili moja, sigusi faili nyingine hata kwa bahati mbaya. Wewe na fanksheni zako utafungua kila mahali palipoandikwa "kama ni korosho fanya hivi, kama ni ufuta fanya vile". Ukisahau mahali pamoja tu, umekwisha.

Mwanashangani

LindiKwetu, kaka, hoja ya muamala naikubali na nitairudia. Hoja ya foleni ya malori naikubali bila masharti, pale obijekti zimekaa nyumbani kwao. Hiyo ya tatu ndiyo tamu, tukae nayo.

Chora jedwali. Mistari iwe mazao: korosho, ufuta, mbaazi. Safu ziwe kazi unazoyafanyia: kukokotoa malipo, kuchapa stakabadhi, ripoti ya chama kikuu, orodha ya benki, ujumbe wa simu kwa mkulima. Kila kisanduku kina msimbo wake.

Mtindo wa obijekti unalikata jedwali kwa mistari. Kila zao limefungwa pamoja na kazi zake zote, kwa hiyo kuongeza mstari ni rahisi kama ulivyosema. Lakini ongeza safu. Mkaguzi anataka ripoti ambayo haikuwepo: inabidi ufungue klasi ya Korosho, ya Ufuta, ya Mbaazi, moja baada ya nyingine.

Mtindo wa fanksheni unalikata kwa safu. Ripoti mpya ni fanksheni moja mpya, hugusi ya zamani. Zao jipya ndilo linalokuzungusha kila mahali. Philip Wadler alilipa tatizo hili jina mwaka 1998, akitafuta lugha ya programu inayokuruhusu kuongeza pande zote mbili bila kubomoa kilichopo. Hakuna mtindo unaokwepa. Unachagua maumivu.

Sasa nikuulize wewe uliyekaa na vyama. Mazao yanaongezeka mara ngapi? Na ripoti je? Huku kwetu mazao tunayahesabu kwa vidole na hayabadiliki. Ripoti haziishi. Chama kikuu kinataka mchanganuo kwa mnada, halmashauri inataka ushuru kwa kijiji, benki imebadilisha mpangilio wa faili lake, mwenyekiti anataka waliouza daraja la pili tu. Jedwali letu linakua kwa upana, halikui kwa urefu. Ndiyo maana nimechagua upande.

Na kuhusu kusahau pahali pamoja: ukiwa kwenye Haskell, Rust au Kotlin, ukiorodhesha mazao kama aina iliyofungwa kisha ukaongeza moja, kompaila (programu inayotafsiri msimbo kabla haujakimbia) inakuonyesha fanksheni ambazo hazijalishughulikia. Java nayo imeingia humo, tangu toleo la 21 la mwaka 2023 unaweza kufanya hivyo bila kuhangaika.

LindiKwetu

Hapo kwa kompaila nakupa. Ila vyama vingi mifumo yao imeandikwa kwa PHP, na PHP haikuambii mapema. Ile match yake ya toleo la 8 itapiga kelele programu ikiwa inakimbia, tena mkulima amesimama dirishani.

Suala la upana na urefu sijawahi kulitazama hivyo. Lakini kwangu ufuta na korosho zinatofautiana kweli kweli, siyo jina tu. Msimu tofauti, madaraja tofauti. Nikizitawanya kwenye fanksheni kumi, kijana mpya akiniuliza "ufuta unahesabiwaje?" nitamwonyesha faili gani? Leo namwonyesha moja.

Karani_Mstaafu

Wanangu, mimi si mtu wa kompyuta, nimepitishwa huku na mjukuu. Nimekaa mizanini miaka mingi. Niseme moja tu.

Daftari la mapokezi halifutwi. Mtu akikosea anapiga mstari mmoja, namba ya zamani inabaki inasomeka, anaandika sahihi chini yake na kusaini. Ukipaka wino mweupe mkaguzi anakuuliza unaficha nini. Huyo aliyetengeneza salio linalojibadilisha juu kwa juu, la zamani lisionekane, alifundishwa kazi na nani?

Na swali: makarani wawili wakipokea mizigo ya mkulima mmoja kwa wakati mmoja, mmoja ghala hili na mwingine lile, hizo fanksheni zenu zinafanyaje?

Fundi_Ligula

Mzee kaja na shoka 😂

Mwanashangani

Mzee wangu, shikamoo. Kanuni yenu ya kutokufuta ndiyo hasa watu wa fanksheni wanayoihubiri: data haibadiliki, unaongeza mstari.

Swali lako la makarani wawili lina majibu mawili. Ikiwa programu inasoma salio, inaongeza, inaandika, basi makarani wote wawili watasoma laki tano, mmoja ataandika laki saba, mwingine ataandika laki sita, na wa mwisho atafunika wa kwanza. Mzigo mmoja umepotea hewani bila mwizi. Ikiwa kila karani anaongeza mstari wake wa mapokezi na hakuna anayeandika salio, hakuna wa kumfunika mwenzake. Salio ni jumla ya mistari, unalihesabu ukilihitaji.

LindiKwetu

Tuwe wakweli hapo. Kinachowaokoa hao makarani ni kanzidata na muundo wa jedwali lake, siyo fanksheni safi. Naweza kuandika klasi Daftari yenye kazi moja tu, ongezaMstari, isiyo na kazi ya kufuta, na nikapata kinga ile ile. Na fanksheni safi peke yake haiwezi hata kuhifadhi kitu, kwa sababu kuhifadhi ni kugusa cha nje.

Mwanashangani

Kweli. Na hiyo klasi Daftari yako ningeitumia leo hii. Ninachokataa ni salio kuwa kitu kinachoandikwa mahali, liwe kwenye klasi au kwenye kanzidata.

Mwl_Chikongola

Nimewasoma wote. Niongeze mawili ya historia na moja la urithi.

Watu wanadhani mtindo wa fanksheni ni fasheni mpya. Ndio wa zamani zaidi. Alonzo Church aliandika hesabu yake ya lambda, nadharia ya kukokotoa kwa fanksheni tupu, pale Princeton miaka ya 1930, kompyuta za kielektroniki hazijawa kitu. John McCarthy akachukua kutoka humo alipounda LISP huko MIT mwaka 1958, karibu miaka kumi kabla ya Simula 67. Halafu kuna John Backus, aliyeongoza utengenezaji wa Fortran pale IBM. Mtu huyo, aliyeifundisha dunia kuandika amri moja baada ya nyingine, alipopewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1977 alitumia hotuba yake kuushambulia mtindo huo huo na kuwapigia debe wenye fanksheni. Kwa upande wa pili, jina la mtindo wa obijekti tunalo kutoka kwa Alan Kay, aliyekuwa Xerox PARC na kundi lililotengeneza Smalltalk miaka ya 1970. Baadaye Kay alilalamika kwamba watu wameng'ang'ania klasi na kusahau alichokiona yeye kuwa kikubwa zaidi: ujumbe unaotumwa kati ya obijekti moja na nyingine.

Hapa pana mchezo mzuri. Erlang ilianzia kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka 1986, Joe Armstrong na wenzake wakitafuta lugha ya mitambo ya simu isiyozimika. Ni lugha ya fanksheni, kigeu kikishapewa thamani hakibadiliki. Lakini programu yake imegawanywa kwenye michakato midogo mingi, kila mmoja na kumbukumbu yake, haishirikiani chochote isipokuwa kutumiana ujumbe. Mmoja ukifa, mwingine unauanzisha upya. Ukimfuata Kay kwa maneno yake, Erlang ina obijekti kuliko Java. Na seva za WhatsApp ziliandikwa kwa hiyo Erlang, kwa hiyo kila mnapotumiana bei ya mnada kwenye magrupu yenu mnapita humo.

La urithi. Wanafunzi wangu wakipewa kazi ya AMCOS wanaanza na mti: Mtu, chini yake Mkulima, chini yake Mwanachama, chini yake Kiongozi. Unapendeza ubaoni. Kisha nawauliza: mwenyekiti naye ana mikorosho, atalipwa kama nani? Karani ni mkulima wa chama cha jirani, yeye yuko tawi gani? Mama aliyerithi shamba la marehemu mumewe anauza kwa namba ya uanachama ya nani? Mti unavunjika. Dunia ya watu haina matawi nadhifu hivyo, mtu mmoja ana majukumu matatu na kesho yamebadilika. Hata wenye obijekti walishalionya hili tangu miaka ya 1990: unganisha vipande, usirithi. Mtu abaki Mtu, na pembeni yake uwe na orodha ya majukumu yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Kwa hiyo mkiushambulia mtindo wa obijekti, shambulieni urithi kwanza. Kuficha ya ndani nyuma ya mlango ni kitu kizuri, na wenye fanksheni wanafanya hivyo hivyo kwa moduli.

Dogo_Naliendele

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa pili. Nijifunze upi ili nipate ajira? Na monadi ni nini, naona watu wanatishana nayo.

Fundi_Ligula

Marahaba mdogo wangu. Matangazo ya kazi mengi ninayokutana nayo yanataka Java, PHP na JavaScript, kwa hiyo klasi huzikwepi. Ila usidhani ukijifunza Java umeepuka fanksheni. Java 8, Machi 2014, ilileta lambda (fanksheni fupi zisizo na jina), na msimbo wa Java unaoandikwa leo umejaa hizo. React, ya kutengenezea skrini za wavuti, tangu 2019 imewafanya watu waache kuandika vipande vya skrini kwa klasi, wanaandika fanksheni tu. Flutter, ya programu za simu, ina klasi kila kona, lakini wijeti (vipande vya skrini) zenyewe hazibadiliki, ukitaka sura mpya inajengwa mpya. Mpaka ulishavukwa kitambo, wanaobaki kubishana ni sisi humu.

Monadi usianzie huko. Anza na tatu hizi, chuja, geuza, jumlisha, ambazo kwenye Python na JavaScript zinaitwa filter, map na reduce. Mfano:

mizigo → chuja(daraja la kwanza) → geuza(malipo) → jumlisha

Mstari mmoja, na karani anaweza kuusoma. Ukishazizoea ndipo uulize monadi, na utakuta umeshazitumia bila kujua jina.

Nachingwea_Dev

Mimi napinga kwa upande wa mashine. Laptopu za vyama vyetu ni zile zilizochoka, RAM GB 4 na nusu yake imeliwa na kivinjari. Mnasema data isibadilike, kila badiliko ni nakala mpya. Orodha ya mapokezi elfu ishirini nikiinakili kila nikiongeza mstari mmoja, si mashine italia?

Kingine, kuna kijana aliniletea msimbo wa Python, kasoma mahali kwamba wenye fanksheni hawatumii lupu (amri ya kurudia rudia), wanatumia fanksheni inayojiita yenyewe. Akajumlisha malipo ya wakulima hivyo. Kwa wakulima hamsini wa majaribio ikapita. Kwa chama kizima ikagoma.

Mwl_Chikongola

Ilikuwa lazima igome. Python imewekewa kikomo cha kujiita ndani kwa ndani, kwa kawaida ni 1000, na chama chenye wanachama zaidi ya elfu kinakigonga. Haskell na Erlang zimejengwa zihimili mtindo huo, Python haikujengwa hivyo. Kwenye Python tumia sum, au lupu yako ya kawaida ndani ya fanksheni. Lupu iliyofungiwa ndani, isiyogusa kitu cha nje, haiondoi usafi wa fanksheni. Huyo kijana kachukua vazi akaacha mwili.

Kuhusu nakala: lugha za fanksheni hazinakili orodha nzima. Orodha mpya inakuwa na kipande kipya kinachoelekeza kwenye ile ya zamani, na kwa kuwa ya zamani haitabadilika, kuitumia kwa pamoja hakuna hatari. Ila kwenye PHP au JavaScript ukinakili kizembe ndani ya lupu utalia kweli. Mistari elfu ishirini lakini ni midogo mno hata kwa hiyo laptopu yako. Kinachoimaliza ni kivinjari.

Mwanashangani

Naongeza la pembeni kwa kuwa naona vijana wapo. Mtindo wowote utakaochagua, fedha usiiweke kwenye namba za desimali za kawaida za kompyuta (float). Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python uone: itakupa 0.30000000000000004. Hifadhi senti kama namba nzima, au tumia aina maalumu ya desimali ambayo lugha nyingi zinayo.

Na faida moja ya fanksheni safi ambayo hakuna aliyeigusa: kuijaribu. Sihitaji kanzidata, sihitaji mtandao, sihitaji mnada. Nachukua karatasi za malipo za msimu uliopita alizozipiga karani kwa mkono, naziingiza, nalinganisha shilingi kwa shilingi. Pasipolingana, mmoja wetu ana jibu la kutoa, na si mara zote ni kompyuta iliyo sahihi. Jaribu kufanya hivyo kwa klasi ambayo kabla ya kuamka inataka kuunganishwa na kanzidata, printa na mtandao wa simu.

LindiKwetu

Hiyo ya karatasi za karani nitaiiba. Nimeanza kuitoa hesabu ya makato nje ya klasi zangu, inapokea kilo na viwango, inarudisha namba, basi. Klasi za mazao zinabaki, zinachofanya ni kuchagua viwango gani vitumike. Usiseme umeniongoa.

Karani_Mstaafu

Niulize tena kabla mjukuu hajachukua simu yake. Karani kaandika kilo 480, mzigo halisi ulikuwa 408. Namba zimegeuzana, hilo hutokea kila msimu. Linagundulika mkulima ameshalipwa. Ninyi mmesema hamfuti. Mtarekebishaje?

Mwanashangani

Kama mlivyofanya kwenye daftari, mzee wangu. Mstari wa 480 unabaki. Unaongezwa mstari wa pili: kilo −72, sababu, jina la aliyerekebisha, na namba ya mstari unaorekebishwa. Fanksheni ya malipo haibadilishwi hata herufi, inajumlisha mistari, inapata 408. Kwa bei yetu ya mfano alizidishiwa 72 mara 2,750, yaani 198,000.

Cha kuangalia ni tarehe. Kila mstari unahitaji mbili: siku mzigo ulipopokelewa na siku mstari ulipoandikwa. Ukiwa na moja tu, mkaguzi akiuliza "siku ile mnalipa mlikuwa mnajua nini?" huna jibu. Ukiwa nazo zote, fanksheni ile ile unaipa mistari iliyoandikwa hadi siku ile, inakutolea 1,320,000. Unaipa yote, inatoa 1,122,000. Majibu yote mawili ni ya kweli, kila moja kwa siku yake.

LindiKwetu

Na hiyo 198,000 akiwa hana mzigo mwingine msimu huu?

Karani_Mstaafu

Hilo ni la mkutano mkuu wa chama, mwanangu, si la kompyuta.

Mwanashangani

Lakini mkutano utataka orodha ya madeni kwa kila zao, na ripoti hiyo hatukuwa nayo. Kwangu ni fanksheni moja. LindiKwetu, kaka, kafungue klasi zako tatu.

LindiKwetu

Naenda. Mbaazi itakuwa ya mwisho.